Lori zito, mteremko wa Kitonga na umekanika unaowatoa jasho vijana wa mwaka wa kwanza

Lori likifeli breki kwenye mteremko wa Iwambi au likilala kwenye kona za Kitonga, maelezo huwa tayari kabla askari wa usalama barabarani hajafika. Mmoja atasema lilizidiwa na mzigo, maana kitu kizito kikishashika mteremko hakizuiliki. Mwingine atasema dereva aliweka free, yaani alitoa gia, ili abane dizeli. Wa tatu atashikilia kwamba kona ndiyo iliyolirusha nje ya barabara. Kuanzia stendi ya Nane Nane jijini Mbeya hadi kwenye vibanda vya vitunguu vya Ilula, maelezo haya yanarudiwa kana kwamba yamepimwa, na kila moja lina ukweli ndani yake uliochanganyika na kosa.

Hayo hayo ndiyo maswali ambayo kijana anayeanza shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, au ualimu wa fizikia Mkwawa pale Iringa, anakutana nayo mapema katika somo la umekanika. Wengi wameingia na ufaulu mzuri wa PCM (fizikia, kemia na hisabati). Baada ya wiki chache unawakuta wamekwama, na mzazi akisikia kinachosomwa ni mwendo, kani na nishati anashangaa: si alivisoma hivi tangu sekondari? Alivisoma. Kilichobadilika ni namna ya kuviuliza, na hilo ndilo ninalotaka kulifafanua kwa kutumia lori moja na mteremko mmoja.

Tuanze na maneno. Umekanika ni tawi la fizikia linaloshughulika na mwendo: kwa nini kitu kinasogea, kinapinda, kinasimama au kinabaki kilipo. Kani ni msukumo au mvuto wowote. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, na hupimwa kwa kilo. Uzito ni kani ambayo dunia inakivuta nayo kitu hicho, na hupimwa kwa nyutoni. Kwa hiyo mizani ya magari ya Wenda inaposoma tani, kinachoandikwa kwenye karatasi ni tungamo, ingawa kilichokandamiza mizani ni uzito. Velositi ni kasi pamoja na uelekeo wake. Mchapuko ni jinsi velositi inavyobadilika kila sekunde, iwe kwa kuongezeka, kupungua au kugeuka uelekeo. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi, na kwa lori letu aina tatu zinatosha: nishati ya kuwa juu mlimani, nishati ya kuwa kwenye mwendo, na joto.

Kanuni ya msingi iliwekwa na Isaac Newton mwaka 1687. Kitu kisichosukumwa na kani yoyote, au ambacho kani zake zinafutana, huendelea na mwendo wake ule ule bila kubadilika. Kani zisipofutana, mchapuko unakuwa sawa na jumla ya kani ikigawanywa kwa tungamo. Na kani yoyote huja na mwenzake: tairi likisukuma lami kuelekea nyuma, lami inalisukuma tairi kwenda mbele. Sehemu kubwa ya umekanika wa mwaka wa kwanza imejengwa juu ya sentensi hizi, na ugumu wote uko katika kuzitumia.

Sasa tulirudie lori. Tuseme barabara inashuka mita 8 kwa kila mita 100, na tuna semi mbili: moja tupu ya tani 18, nyingine imepakia na kufikia tani 50, ndani ya tani 56 ambazo sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu kwa magari makubwa kabisa. Kani inayolivuta lori kufuata mteremko ni takriban asilimia 8 ya uzito wake. Kwa lenye mzigo ni kama nyutoni 39,000, na kwa lile tupu ni kama 14,000. Mtu akiishia hapo atasema tayari, zito linavutwa karibu mara tatu, basi litakimbia zaidi. Lakini kani hiyo kubwa imepewa kazi ya kusogeza tungamo ambalo nalo ni kubwa kwa uwiano ule ule. Gawanya, na malori yote mawili yanapata mchapuko mmoja: kama hakuna breki wala ukinzani, kila sekunde inayopita kasi inaongezeka kwa karibu kilomita 3 kwa saa. Tungamo limejifuta lenyewe kwenye hesabu. Galileo alilichunguza jambo hili kwa kuviringisha mipira kwenye mbao zilizoinamishwa na akalichapisha mwaka 1638. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott alidondosha nyundo na unyoya Mwezini, mahali pasipo na hewa, na vikagusa chini pamoja.

Je, dereva aliyeshuka Kitonga miaka ishirini akisema lori lenye mzigo ni hatari kuliko tupu, anadanganya? Hapana, na mwanafunzi akimwambia amekosea kwa sababu tungamo linajifuta, atakuwa ameelewa nusu ya somo. Dereva yuko sahihi kuhusu hatari. Kinachohitaji kurekebishwa ni sababu.

Sababu iko kwenye nishati. Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya walibishana kuhusu kipimo sahihi cha nguvu ya kitu kinachokwenda: je, ni tungamo mara kasi, au tungamo mara kasi iliyozidishwa kwa yenyewe? Nchini Uholanzi, Willem 's Gravesande aliangusha mipira ya shaba kwenye udongo laini na akaona kwamba mpira unaofika na kasi mara mbili unachimba shimo la kina mara nne. Émilie du Châtelet wa Ufaransa, ambaye tafsiri yake ya Newton ilitoka mwaka 1759 akiwa amekwisha kufariki, alilisimamia tokeo hilo kwa nguvu dhidi ya watu waliokuwa na majina makubwa kuliko yeye. Leo tunajua vipimo vyote viwili vina nafasi yake: cha kwanza ni momenta, cha pili ndicho kilichozaa nishati ya mwendo. Kisha katika miaka ya 1840 James Joule wa Uingereza akaonyesha kwa vipimo kwamba mwendo unaopotea haupotei. Unageuka joto, na kiasi chake kinahesabika.

Sasa hesabu yenyewe. Lori la tani 50 likishuka mita 500 za wima linaachia nishati ya kuwa juu ipatayo jouli (kipimo cha nishati) milioni 245. Likiwa linakwenda kilomita 60 kwa saa, nishati yake ya mwendo ni jouli milioni 7 tu. Maana yake, kulishusha lori hilo kwa kasi isiyobadilika ni kama kulisimamisha kutoka kilomita 60 kwa saa mara 35 mfululizo, bila breki kupata nafasi ya kupoa. Joto hilo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 700 za maji yaliyokuwa na ubaridi wa kawaida, mapipa matatu na nusu ya mafuta yakijazwa maji. Lori tupu la tani 18 linaachia kama theluthi moja tu, na breki ni zile zile, chuma kile kile, upana ule ule. Hapo ndipo mzigo unapoua: tungamo lililojifuta kwenye mchapuko linabaki zima kwenye joto.

Breki ikizidiwa na joto, ngoma yake inatanuka na kujitenga na viatu vya breki, na bitana, zile gamba za viatu hivyo zinazosugua ngoma, nazo zinapoteza msuguano. Dereva anakanyaga tena, na tena. Upepo unaosukuma breki, ulio kwenye matangi, unapungua haraka kuliko unavyojazwa. Mtaani tutasema breki zimefeli, kana kwamba kuna kitu kimekatika ghafla. Mara nyingi hakuna kilichokatika. Joto lilikuwa linajilimbikiza tangu juu, dakika kadhaa kabla ya pale lori lilipoishia.

Na hapa kuna jambo ambalo ningependa kila dereva na kila utingo alisikie. Jumla ya joto linalopaswa kutolewa kwenye mteremko ule haitegemei sana kasi ya kushukia. Inategemea kimo na tungamo. Kasi inaamua muda. Mita 500 kwa mwinuko wetu wa asilimia 8 ni barabara ya kilomita sita na robo. Ukishuka kwa kilomita 60 kwa saa, una dakika sita na kidogo za kulitoa joto lote, yaani kilowati kama 650 bila kupumzika. Ukishuka kwa kilomita 20 kwa saa, una karibu dakika 19, na mzigo wa breki unashuka hadi kilowati 220 hivi, kiasi ambacho injini kubwa ikiwa kwenye gia ndogo na breki ya eksozi inaweza kubeba sehemu yake kubwa. Injini ikisukumwa na magurudumu inageuka pampu ya hewa, na joto linatokea kwenye eksozi na rejeta badala ya kurundikana kwenye ngoma za breki. Madereva wakongwe husema ushuke mlima kwa gia ambayo ungeupandia. Wameifikia kwa uzoefu hesabu ambayo mwanafunzi anaifikia kwa kalamu.

Kwa hiyo yule wa free naye alikuwa na hoja. Ukitoa gia, injini inatengwa na magurudumu na joto lote linaangukia breki. Hata ile dizeli inayodhaniwa kubanwa, kwenye injini za kisasa zenye udhibiti wa kielektroniki haibanwi: gari likiwa kwenye gia na mguu uko nje ya mafuta, injini hukata dizeli kabisa, lakini ikiwa free lazima ichome kidogo ili isizime.

Angalia tulichofanya. Tumelitazama lori lile lile kwa njia mbili, kani kwanza kisha nishati, na kila njia imetuonyesha kitu ambacho nyingine ilikificha. Mwanafunzi anayetoka kidato cha sita kwa kawaida amezoea swali lenye fomula moja inayolingoja, na akipewa swali la chuo anauliza, "natumia fomula ipi?" Hapo ndipo anapokwama. Zile fomula za mwendo alizozikariri, kasi ya mwisho ni kasi ya mwanzo kujumlisha mchapuko mara muda, zina sharti ambalo halikusisitizwa vya kutosha: mchapuko usibadilike. Kitonga ya kweli haina mteremko mmoja. Inakaza, inalegea, inapinda. Ukinzani wa hewa unakua kadiri kasi inavyokua. Breki zenyewe zinadhoofika zikipata moto. Mchapuko unabadilika kila wakati, na fomula ile haina tena mahali pa kusimama.

Umekanika wa chuo unaanzia hapo. Kanuni ya Newton haikupi jibu la mwisho. Inakupa jinsi hali ya sasa inavyobadilika kuelekea hali inayofuata. Ukijua lori liko wapi na lina kasi gani sasa, kani zinakupa mchapuko, mchapuko unakupa kasi ya sekunde ijayo, kasi inakupa mahali pa sekunde ijayo, kisha unaanza upya. Mlinganyo wa aina hii, unaounganisha kitu na kasi ya kubadilika kwake, ndio unaoitwa mlinganyo wa mabadiliko, na kalkulasi, yaani hesabu ya vitu vinavyobadilika, ni chombo cha kuufungua. Ukigoma kufunguka kwa kalamu, utembee hatua kwa hatua kwa kompyuta, njia ambayo Leonhard Euler aliielekeza katika karne ya 18 na ambayo leo kijana anaweza kuifanya kwenye jedwali la Excel. Ninawashauri wote wanaoanza waifanye angalau mara moja: safu ya muda, safu ya mahali, safu ya kasi, safu ya mchapuko, na mteremko unaobadilika. Atakayeona kasi ikipanda mstari hadi mstari hatahitaji kukaririshwa mlinganyo huo una maana gani.

Bado kuna lile la kona. Abiria wa basi linaloshuka Kitonga anajisikia anasukumwa kuelekea nje ya kona, na kutokana na hisia hiyo watu husema kuna kani inayolirusha gari. Ukisimama pembeni ya barabara unaona tofauti kabisa. Basi linataka kuendelea moja kwa moja, kama Newton alivyosema, na ili lipinde lazima kitu kilivute kuelekea ndani ya kona. Kitu hicho ni msuguano kati ya tairi na lami. Abiria hasukumwi nje. Basi ndilo linalopinda chini yake huku mwili wake ukiendelea na uelekeo wa zamani, hadi kiti au jirani yake amvute. Msuguano ukipungua, kwa mvua au mafuta yaliyomwagika, lori halirushwi popote. Linaendelea tu kule lilikokuwa likielekea.

Kwenye kona ya nusu kipenyo cha mita 50, kilomita 36 kwa saa zinadai mchapuko wa kuelekea ndani wa mita 2 kwa sekunde, kila sekunde, kama sehemu ya tano ya mvuto wa dunia. Ukienda kwa kilomita 72, mara mbili tu, kinachodaiwa ni mara nne: mita 8. Semi iliyopakia juu hupinduka kabla ya kufika hapo. Kozi nzuri itakufundisha pia kwamba mtu akiamua kuhesabu akiwa ndani ya basi anaruhusiwa kuiongeza ile kani ya kuelekea nje kama nyongeza ya hesabu, mradi ajue imetokana na yeye kuchagua kupimia kwenye kitu kinachopinda.

Baada ya kani na nishati huja hatua inayowatisha wengi, nayo ndiyo nzuri kuliko zote kwa maoni yangu. Joseph-Louis Lagrange, aliyezaliwa Torino mwaka 1736, alitoa mwaka 1788 kitabu cha umekanika kisicho na mchoro hata mmoja. Wazo lake linaweza kuelezwa kwa lori letu. Barabara inalikandamiza lori kutoka chini, kingo zinalipa mipaka, na kuzichora kani hizo zote ni kazi ndefu. Lakini lori halina uhuru wa kwenda kila mahali, liko barabarani. Namba moja tu, umbali lililotembea kutoka juu, inatosha kusema liko wapi. Lagrange anakwambia: andika nishati ya mwendo kwa kutumia namba hiyo, andika nishati ya kuwa juu kwa kutumia namba hiyo, toa ya pili kwenye ya kwanza, na kuna utaratibu mmoja usiobadilika utakaokuletea mlinganyo wa mwendo. Kani ya barabara kukandamiza kutoka chini haionekani tena, kwa sababu haikuwa inaongeza wala kupunguza nishati.

Kwa lori la kawaida hilo linaweza kuonekana kama kuzunguka bure. Lichukue basi tenki la mafuta lililojaa nusu. Sasa unahitaji namba mbili: mahali lori lilipo, na kiasi ambacho mafuta yameinamia upande mmoja. Lori likifunga breki mafuta yanakimbilia mbele na kulisukuma, yakirudi, yanalivuta. Kwa kuchora kani utapotea njiani. Kwa Lagrange utaratibu ni ule ule, unaandika mara mbili badala ya moja, na mlinganyo wa kila namba unakuonyesha jinsi mmoja unavyomsumbua mwenzake. Mwaka 1918 Emmy Noether, mwanahisabati wa Ujerumani, alichapisha uthibitisho kwamba ndani ya njia hii nishati inahifadhika kwa sababu kanuni za maumbile hazibadiliki kati ya jana na leo.

Kuna kauli nyingine inayowavunja moyo vijana: kwamba umekanika huu umepitwa, Einstein aliuondoa. Mwaka 1846 sayari ya Neptuni ilionekana kwa darubini kutoka Berlin, karibu kabisa na mahali ambapo Urbain Le Verrier alisema iangaliwe, akiwa amekokotoa kwa kanuni za Newton tu kutokana na kuyumba kwa Uranus. Ni kweli pia kwamba mzunguko wa Utaridi ulikuwa na tofauti ndogo ambayo Newton hakuweza kuieleza na Einstein akaieleza mwaka 1915. Tofauti hizo huonekana kwenye kasi zinazokaribia ya mwanga, kwenye mvutano mkubwa mno, au kwenye vipimo vya usahihi wa hali ya juu sana. Kwa lori, daraja, bomba la maji au reli ya TAZARA, hakuna kipimo cha barabarani kitakachoiona tofauti hiyo, na wala hakuna njia ya kuielewa fizikia ya atomu bila kuwa umepitia nishati, momenta na kazi za Lagrange na wenzake.

Kwa anayejiandaa kuingia chuo, kinachomwangusha mara nyingi ni hesabu iliyolegea kuliko fizikia yenyewe. Arudie kalkulasi na vekta kabla ya muhula kuanza. Halafu ajizoeze kuanza kila swali kwa kuamua anachunguza kitu gani na nini kiko nje yake, achore kani zote zinazokigusa, na akipata jibu alijaribu kwenye hali anayoijua tayari: mteremko ukiwa sifuri, je, jibu linasema lori halichapuki? Kasi ikiwa sifuri, je, umbali wa kusimama ni sifuri? Jibu lisilopita mtihani huo halina haja ya kusubiri mhadhiri alikosoe.

Na kwa mzazi anayeuliza haya yote yanaishia kwenye kazi gani, mbali na kuwa mwalimu ambaye shule zetu zinamhitaji, kuna mfano kwenye mteremko huo huo. Wahandisi wa barabara hujenga njia za kuokolea magari yaliyofeli breki: kipande kinachochepuka, kinachopanda, kilichojazwa changarawe laini. Kiwe na urefu gani? Lori likiingia na kasi ya kilomita 100 kwa saa, nishati yake ya mwendo ingeweza kulipandisha kimo cha mita 39 hivi kama hakuna ukinzani. Tuseme njia hiyo inapanda mita 15 kwa kila mita 100, na changarawe inakinza kwa kani iliyo robo ya uzito wa lori. Jumla ya kinachokinza ni kama asilimia 40 ya uzito. Gawanya 39 kwa 0.4, unapata mita zinazokaribia 100, iwe lori ni la tani 18 au la tani 50.